Mtungi wa Pumba na Siku Hamsini

Jumatatu, 3 Juni

Naanza leo. Kitabu kinasema anayeahidi kuanza kesho ameshindwa tangu jana, kwa hiyo nimeanza leo ingawa nimechelewa kuamka na nina mafua.

Kitabu chenyewe kinaitwa Mtu Mpya kwa Siku Hamsini. Nilikipata Jumamosi kwenye duka la vitabu vya mtumba karibu na stesheni ya Kokura. Aliyekuwa nacho kabla yangu alipiga mistari ya penseli chini ya maneno aliyoyapenda, mistari iliyonyooka kama ya rula, kisha ukurasa wa arobaini na moja inakoma. Sijui kama alipata kuwa mtu mpya mapema au alichoka.

Kitabu kinataka niandike mimi ni nani leo, ili siku ya hamsini nisome nicheke. Mimi ni Matsunaga Nagisa, niko mwaka wa tatu wa sekondari ya chini. Ni mtu wa kuanza. Nilianza kinanda nikaacha. Nilianza kuandika kwa brashi nikaacha. Nilianza kukimbia asubuhi, nikaacha siku ya tatu kwa sababu ya mbwa wa muuza tofu. Mama hasemi kwa ubaya, husema tu, "Nagisa ni mtu wa kuanza," kama mtu anavyosema fulani ana masikio makubwa. Nataka siku moja aseme neno jingine.

Nilipoingia jikoni na kitabu, Bibi alikuwa anakoroga mtungi wake. Ndani mna pumba za mchele, chumvi na maji, laini kama udongo wa mfinyanzi. Ukizika tango humo jioni, asubuhi ni achari. Pumba hizo alipewa na mama yake. Siku alipoolewa alipanda treni kutoka Tagawa ameupakata mtungi badala ya maua. Tangu hapo huzikoroga kila siku kwa mkono mtupu.

"Kitabu gani hicho?"

"Cha kuwa mtu mpya, Bibi."

"Huyu wa zamani ana nini?"

"Hamalizi mambo."

"Basi mpe kazi. Njoo ushike hapa."

Nikasema nina kazi ya shule. Ilikuwepo kweli, lakini haikuwa nyingi.

Jumanne, 4 Juni

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri. Maneno ishirini ya Kiingereza. Mambo matatu ya kushukuru: Mama, Bibi, mafua yanapungua.

Alhamisi, 6 Juni

Rafiki yangu Sayoko ameuliza darasani, mbele ya watu, "Huyo mtu mpya anafika lini? Maana huyu wa zamani ana rula yangu tangu Aprili." Nimemrudishia rula.

Ijumaa, 7 Juni

Bibi ameanguka. Alikuwa anatoka bafuni, akateleza kwenye kile kizingiti ambacho sote hukiruka bila kukitazama. Nilisikia kishindo nikadhani ni beseni. Alikuwa amelala ubavu, hajalia, anasema, "Usiniinue, Nagisa. Mpigie mama yako." Mama yuko kiwandani, wanafungasha vyakula vya safari, simu hufungiwa kabatini. Nikapiga ofisini kwao. Nikaita gari la wagonjwa. Nilipokuwa nangoja nilishika mkono wa Bibi, na ulikuwa unanuka pumba.

Ni mfupa wa paja. Watamfanyia upasuaji kesho. Baba amepiga simu kutoka Nagoya anakofanya kazi. Amesema atakuja akipewa ruhusa.

Jumapili, 9 Juni

Upasuaji umekwenda vizuri. Bibi amelala kitandani, mdogo kuliko nilivyomjua. Jambo la kwanza aliloniuliza si la mguu.

"Mtungi nani anakoroga?"

"Mimi. Tangu jana."

"Nipe mkono."

Nikampa wa kulia. Akaunusa, akafumba macho, akaunusa tena. "Ndio wenyewe," akasema. Kisha akanifundisha. Mkono uoshwe kwa maji matupu, bila sabuni. Zilizo chini zije juu, zilizo juu ziende chini, kwa sababu zilizo chini nazo zinataka hewa. Ukimaliza uusawazishe uso wa pumba na kuupigapiga kwa kiganja, kisha ufute ukingo wa mtungi. Mvua za plamu, zile za Juni na Julai, zikianza, mara mbili kwa siku, wala usiruke hata mara moja.

"Nitaandika, Bibi, nisisahau."

"Usiandike. Koroga."

Niliandika hata hivyo, nilipofika kwenye basi.

Daktari amemwambia Mama mfupa si tatizo, tatizo ni kula. Wazee wasiokula hawasimami tena. Bibi anasema uji wa hospitali ni maji yaliyosikia habari za mchele. Amesema akipata tango lake atakula.

Jumatano, 12 Juni

Nimekoroga asubuhi na jioni. Nimezika matango mawili. Kwenye kalenda ya jokofu nimepanga safu sita: kuamka, Kiingereza, shukrani, mazoezi ya mwili, kusoma, mtungi. Kila nikitenda natia alama ya duara kwa penseli nyekundu.

Jumapili, 16 Juni

Bibi amekula bakuli zima la uji kwa vipande vitano vya tango. Nesi alisimama mlangoni akamwangalia. "Umeweka nini humo, binti?" akaniuliza. Bibi akajibu kabla yangu, "Ameweka mkono."

Niliporudi nyumbani nilipika wali nikala na tango lililobaki, peke yangu, polepole.

Jumatatu, 17 Juni

Idara ya hali ya hewa imetangaza mvua za plamu zimeanza. Mikeka ya chumbani imeanza kunata miguuni. Nimekoroga mara mbili.

Jumanne, 18 Juni

Leo nimesoma sura ya saba, ambayo nadhani ndiyo kiini cha kitabu chote. Inasema watu wengi hutenda kwanza ndipo waandike, na kwa hiyo hubaki daima nyuma ya maisha yao. Mtu mpya huandika kwanza. Kila jioni andika shajara ya kesho kana kwamba kesho imekwisha pita: nimeamka, nimesoma, nimefanya. Tia na alama zake kabisa. Moyo haupendi kuitwa mwongo, utakukimbiza mpaka yawe kweli.

Hapo ndipo ukurasa wa arobaini na moja ulipo. Mwenye penseli ameishia katikati ya sentensi hiyo. Nimemhurumia kidogo, kwamba aliacha pale pale penye siri.

Nimetia alama za kesho zote sita.

Jumatano, 19 Juni

Nimeamka saa kumi na moja. Maneno ishirini. Nimekoroga. (Na kweli yote yametokea!)

Ijumaa, 21 Juni

Nimeamka. Maneno thelathini. Nimekoroga.

Jumapili, 23 Juni

Bibi ameketi kwenye kiti robo saa. Amekula. Ameunusa mkono wangu akasema, "Zimetulia." Mtihani wa mwisho wa muhula ni Jumanne mpaka Alhamisi. Mwalimu Uchida amesema alama za muhula huu ndizo zitakazotazamwa na sekondari za juu, kisha akanitazama mimi, au akatazama dirisha lililo nyuma yangu.

Jumatatu, 24 Juni

Nimeamka. Maneno thelathini. Nimekoroga.

Jumanne, 25 Juni

Nimeamka na nguvu. Anga ni safi. Mtihani wa hesabu umekwenda vizuri. Nimekoroga.

Jumatano, 26 Juni

Nimeamka. Nimesoma kwa saa nne. Nimekoroga.

Alhamisi, 27 Juni

Nimemaliza mtihani. Nimekoroga.

Ijumaa, 28 Juni

Nimekoroga.

Jumapili, 30 Juni

Hospitali imezuia wageni kwa sababu ya ugonjwa wa tumbo wodini. Nimepumzika. Nimekoroga.

Jumatatu, 1 Julai

Mama amerudi kazini amechoka, akasimama mbele ya jokofu bila kulifungua. Safu zangu sita za mwezi wa Juni zilikuwa nyekundu tupu.

"Wewe," akasema, "umemaliza mwezi mzima."

Nilikuwa naosha vikombe, nikaendelea kuviosha.

"Leo nimewaambia wenzangu kazini. Nimewaambia binti yangu siku hizi humaliza." Akanishika kichwani, jambo ambalo hajafanya tangu nikiwa darasa la nne.

Nimeliandika neno lake hapa kwa sababu nililingoja. Nilipolipata sikuweza kumtazama usoni.

Alhamisi, 4 Julai

Nataka kuandika leo mambo yaliyotokea leo, baada ya kutokea.

Tarehe 24 Juni sikukoroga asubuhi kwa sababu nilikuwa narudia historia, nikasema nitakoroga jioni. Jioni nikaona alama imekwisha tiwa. Ni ajabu jinsi alama inavyotuliza. Nilipoitazama nilihisi kabisa ubaridi wa pumba vidoleni. Nikaenda kulala. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu. Nimerudi kusoma kurasa za nyuma. Jumanne ile ya mtihani nimeandika "anga ni safi." Siku ile ilinyesha mpaka treni zikasimama, tukafanya hesabu saa mbili baada ya wakati, soksi zikiwa zimetundikwa madirishani. Hesabu haikwenda vizuri. Nilipata arobaini na nane.

Siku kumi sikuufunua mtungi. Leo nimeufunua kwa sababu wageni wameruhusiwa tena, na Mama amesema Jumapili twende na matango.

Harufu ilinifikia kabla sijaondoa mfuniko wote. Ilikuwa harufu ya gundi na ya soksi zile. Juu palikuwa na utando mweupe, na juu ya utando madoa meusi yenye manyoya, na ukingoni, pale Bibi aliponiambia nifute, pamegeuka rangi ya waridi. Nilifunika. Nikafunua tena, kana kwamba pengine nilitazama vibaya.

Mama yuko zamu ya jioni. Nimefungua kitabu, sura ya kumi na mbili: "Kilichoharibika usikiombolezee. Kitoe maishani mwako siku hiyo hiyo, wala usigeuke nyuma."

Kesho ni Ijumaa, siku ya takataka za kuchomwa.

Ijumaa, 5 Julai

Nimezitia pumba zote kwenye mfuko wa takataka wa manispaa, ukawa mzito nikauongezea mfuko wa pili. Nimeubeba kama mtoto mpaka kwenye wavu wa kuzuia kunguru pale pembeni mwa barabara. Nilikuwa darasani somo la kwanza niliposikia gari la taka likipita na wimbo wake. Ule wimbo wa furaha, kama wa chekechea. Sayoko akaniuliza kwa nini nimeacha kuandika.

Jioni nimeusugua mtungi kwa sabuni, ukang'aa.

Jumapili, 7 Julai

Siku ya Tanabata, sikukuu ya nyota. Ukumbini hospitalini wamesimamisha mwanzi, na wagonjwa wamefunga karatasi za rangi zenye maombi yao. Nimeitafuta ya Bibi. Nesi ndiye aliyemwandikia, maana mwandiko ni wa kijana: "Niende chooni kwa miguu yangu. Nile tango langu."

Nilikuwa nimenunua achari ya tango dukani. Nilikuwa nimeitia kwenye kikopo chetu cha bluu na kuikata mshazari, kama anavyokata yeye. Mama hakujua, alikuwa anazungumza na daktari.

Bibi alikitia kipande kimoja mdomoni, akatafuna muda mrefu.

"Limekatwa vizuri," akasema.

Kisha akasema, "Nipe mkono."

Nilitaka kumpa wa kushoto, lakini wa kulia ndio uliokuwa karibu naye. Akaunusa. Nami nikaisikia harufu yenyewe, sabuni ya maua ya mashamba. Hakuunusa mara ya pili.

"Mikono yako imekuwa laini," akasema, akaulaza mkono wangu juu ya shuka, taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe cha wenyewe.

Nesi alipokuja kuchukua sinia alisema, "Ah, Bibi, leo umetuangusha. Hata nusu?"

"Nimeshiba, mwanangu."

Jumatatu, 8 Julai

Baada ya shule nimekwenda kwa Bi Hamasaki, muuza samaki, ambaye ni rafiki wa Bibi tangu wote wana nywele nyeusi. Nilisikia kwamba watu hugawiana pumba, na kwamba ukiwa na konzi moja ya mtungi wa zamani unaweza kuukuza upya. Nikamuuliza kama Bibi aliwahi kumgawia.

Aliacha kupaa magamba. "Mwaka jana aliniletea, kwenye kikopo. Nikamwambia acha kwanza, jokofu limejaa, nitakuja kuchukua siku nyingine." Akapangusa kisu kwenye aproni. "Kwani kuna nini?"

"Nilitaka kujua tu."

"Hujui kudanganya wewe, mtoto. Chukua dagaa hawa mpeleke mama yako."

Jumanne, 9 Julai

Mama aliufunua mtungi mwenyewe, alitaka kuzika biringanya. Akakaa ameshika mfuniko.

"Ziko wapi?"

Nikamwambia. Niliyasema yote kwa mpangilio, kama ninavyofundishwa kujibu swali la historia.

Akaitazama kalenda. "Na hizi duara?"

"Nilizitia kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya kutenda. Kitabu kilisema—"

"Basi."

Akaketi kwenye kiti cha Bibi. Mvua ilikuwa inapiga bati la jirani. Nilingoja anigombeze, na sijawahi kutamani kugombezwa kama leo. "Nimewaambia watu kazini," akasema tu.

Kisha akasema, "Jumapili utamwambia wewe. Mimi nitakaa nje."

Ijumaa, 12 Julai

Mvua. Gari la taka limepita.

Jumapili, 14 Julai

Bibi amekonda mashavuni. Nilipiga magoti kando ya kitanda, kichwa changu kikawa sawa na chake.

"Bibi, nimezitupa pumba."

"Najua. Lini?"

"Ijumaa ya tarehe tano."

"Zilikuwaje?"

"Nyeusi, zina manyoya. Ukingoni waridi."

"Ulichimba chini?"

Sikuelewa, akanieleza, kwa sauti ile ile anayotumia kueleza jinsi ya kuchambua maharage. Uozo hukaa juu tu, penye hewa. Unakwangua kina cha vidole vinne, hata sita, unatupa. Zilizo chini huwa nzima. Unaongeza pumba na chumvi, unakoroga, na baada ya wiki zinakusamehe. Alipomzaa Mama alilazwa wiki tatu, na Babu hakuugusa mtungi hata siku moja. Aliporudi nyumbani uso wa pumba ulikuwa mweusi kama kitako cha sufuria. Akakwangua.

"Kwa hiyo ulichimba?"

"Sikuchimba, Bibi."

"Mm."

Akageukia dirisha. Mvua ilikuwa nyembamba, karibu haionekani. Mama alikuwa koridoni. Niliona viatu vyake chini ya pazia.

"Ungeniuliza," Bibi akasema baadaye. "Nimelala hapa mchana kutwa, sina kazi. Ungeniuliza tu."

Nimejaribu kuandika sababu mara tatu, nimefuta. Kweli ni kwamba nilikuwa na kitabu cha kuuliza, na kitabu hakinitazami.

Tulipokuwa tunaondoka aliniita. "Nunua pumba mpya. Chumvi, maji, kipande cha mwani, pilipili moja. Zika majani ya nje ya kabichi. Hayaliwi hayo, unayatupa kila siku mbili, ni ya kuzifundisha tu. Wiki mbili, tatu. Halafu tutaona."

"Zitakuwa kama zako?"

"Hapana," akasema.

Jumatatu, 15 Julai

Pumba mpya hazinuki kitu. Ni kama kutia mkono kwenye mchanga uliolowa.

Jumatano, 17 Julai

Nimekoroga. Naandika saa moja na dakika kumi jioni, mkono haujakauka.

Ijumaa, 19 Julai

Shule imefungwa. Nimetupa majani ya kwanza. Mama ameniambia daktari anasema Bibi hataweza tena ngazi za nyumba yetu; Agosti atahamia nyumba ya wazee kule ng'ambo ya mto. Hakusema ni kwa sababu hakula. Mimi pia sikuuliza. Aliendelea kukunja nguo, na alipofika kwenye aproni ya Bibi aliikunja mara mbili zaidi kuliko inavyohitajika.

Jumapili, 21 Julai

Nimechukua kifutio nifute kwenye kalenda alama za uongo, zibaki za kweli. Lakini zinafanana. Za tarehe 20 Juni sikumbuki kabisa, huenda nilikoroga, huenda sikukoroga. Nimezifuta zote, hata zile za mwanzo ambazo Bibi alizinusa mwenyewe. Karatasi imechakaa, imebaki na uwekundu kama ngozi iliyokwaruzwa.

Jumatatu, 22 Julai

Redio imetangaza mvua za plamu zimekwisha. Nyenze wameanza kelele tangu asubuhi, kana kwamba walikuwa wamepanga foleni.

Leo ni siku ya hamsini. Ukurasa wa mwisho wa kitabu unaniambia nimwandikie barua ya kumuaga yule wa zamani. Sikuiandika. Nilisoma tu yale niliyoyaandika siku ya kwanza, pale Bibi aliposema njoo ushike hapa, nami nikasema nina kazi ya shule.

Nimekoroga kutoka chini hadi juu, nimeusawazisha uso, nimefuta ukingo. Sikunawa kwa sabuni. Nikapanda basi la hospitali nimeuweka mkono wa kulia juu ya paja, wazi, usiguse kitu. Mwanamke aliyeketi kando yangu alisogea kidogo.

Bibi alikuwa macho. Hakuniuliza habari, alinyoosha tu kiganja chake, nami nikautia mkono wangu ndani yake. Akaunusa, akafumba macho. Nikangoja. Akaunusa tena, kati ya vidole, pale ambapo harufu hujificha.

"Bado," akasema.

Lakini hakuuachia. Aliushika hivyo mpaka sinia la chakula cha mchana likaja.